Nimelipia banda kwenye maonyesho ya harusi na biashara yangu ya picha bado changa, nifanyeje hela isipotee?

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi ni mpiga picha, nilikuwa napiga picha za kawaida na za watoto, mwaka huu nimeamua kuingia kwenye harusi moja kwa moja. Mpaka sasa nimepiga harusi tatu tu, na mbili kati ya hizo nilikuwa msaidizi. Nimelipia banda la mita 3 kwa 3 kwenye maonyesho ya harusi, zimebaki wiki sita. Naogopa maana nasikia wapiga picha tutakuwa wengi na wengine ni wakongwe hasa. Nimewaza nichapishe vipeperushi elfu moja na niweke bei ya chini kuliko wote. Je niko sawa? Na TV niweke au nisiweke? Na nivae nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kuthubutu. Ila tuanze na kufuta. Hivyo vipeperushi elfu moja usichapishe, na hilo wazo la kuwa na bei ya chini kuliko wote liache hapohapo, sababu nitakupa huko mbele.

Kuna jambo moja nataka ulishike, mengine yatajipanga nyuma yake. Pale bandani huendi kuuza harusi, unaenda kutafuta tarehe. Mpiga picha wa harusi anauza Jumamosi, au siku yoyote ile ambayo watu wa kwenu wanaoana, na Jumamosi kwa mwaka ziko 52 tu, ukitoa zile ambazo hakuna anayeoa zinabaki kiduchu. Mkongwe mwenye jina, zile nzuri zake zimeshachukuliwa zamani. Wewe kalenda yako iko wazi, wewe unaona ni aibu, mi naona ndo mali pekee uliyonayo ambayo wale wakubwa hawana. Kwa hiyo kazi yako siku ile ni kupata watu wachache ambao tarehe yao uko wazi, wamependa unavyoona mambo kwa kamera yako, na wamekubali mkae chini siku nyingine muongee vizuri. Mauzo yenyewe yatakuja wiki inayofuata.

Mi hili nililijua kwa kuumia. Maonyesho yangu ya kwanza nilibandika picha sitini na kitu, ndogondogo, ukuta mzima, ungesema matokeo ya mtihani yametoka. Nikaweka meza mbele, nikakaa nyuma yake kama karani, nikaweka bakuli la kalamu za bure zenye jina langu na daftari la watu kuandika majina. Jioni daftari lina kurasa nne zimejaa, nimerudi nyumbani naimba. Halafu nikabanwa na kazi za watu, nimekuja kuwapigia simu siku ya kumi, wengi hawanikumbuki kabisa, mmoja ananiuliza "wewe ndo yule wa kalamu?" Harusi niliyopata kwenye lile daftari ni sifuri. Na banda nilikuwa nimelipia kwa hela ya kukopa, hiyo hadithi tuiache.

Sasa wiki hii, kabla hujagusa picha hata moja, mpigie mwandaaji. Muulize wapiga picha mko wangapi na banda lako liko wapi kwenye ramani. Kama liko jirani na jukwaa la maonyesho ya magauni, au chini ya spika, omba kuhamishwa, maana hutasikika na utashinda unapiga kelele mpaka sauti ikauke. Kona ni nzuri kwa sababu watu wanakuona kwa pande mbili, wakikuongezea hela kidogo kwa kona mi naona inalipa. Mlangoni kabisa watu wengi hupenda ila mi sipendi, mtu akiingia tu bado anashangaa, anapita, anataka kuona yote kwanza. Muulize umeme upo au unalipiwa pembeni, ukuta wa banda ni wa nini na unaruhusiwa kupiga misumari au ni gundi tu, unaingia saa ngapi kupanga. Na muhimu, muulize kama baada ya maonyesho atawagawia orodha ya waliojiandikisha, na kama hao watu walikubali kutafutwa. Orodha ya watu ambao hawakukubali kutafutwa ni ya kukuletea matusi tu, na nchi nyingi siku hizi zina sheria za taarifa binafsi, usicheze nazo.

Tuje kwenye picha, hapa ndo pa kukaa muda mrefu.

Banda la mita 3 kwa 3 kwa kawaida lina kuta tatu. Weka picha tatu. Najua unaona nakutania. Mtu anapita kwa mwendo wa kutembea, mkononi ana mifuko, pembeni ana mama yake anamwambia twende huku, una sekunde mbili au tatu za macho yake, na sekunde hizo hazitoshi kuchagua kati ya picha sitini, zinatosha kuona moja. Picha kubwa moja ya ukuta wa nyuma, nyingine mbili za wastani pembeni, basi. Usiogope kwamba kamera yako haitoshi kuchapa kubwa. Kamera ya megapikseli 24 inakupa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ukichapa kwa pikseli 100 kwa inchi unapata kama sentimita 152 kwa 101, na mtu akiwa amesimama mita mbili haoni kasoro yoyote. Zile pikseli 300 kwa inchi wanazokukaririsha ni za kitu unachoshika mkononi kama albamu. Ila faili liwe lenyewe lililotoka kwenye kamera, sio lile ulilotuma kwenye simu likakamuliwa njiani.

Chapa kwenye karatasi isiyong'aa. Taa za kumbi zinapiga kutoka juu, ukichapa ya kung'aa watu wataona taa badala ya bibi harusi. Na hizo taa za ukumbi nyingi ni za njano au zina kaukijani fulani, ngozi za watu kwenye picha zako zitaonekana wagonjwa, kwa hiyo nenda na taa zako mbili tatu za LED za kubana juu ya ukuta, tafuta zilizoandikwa CRI 90 kwenda juu, hiyo ndo namba inayosema rangi zitaonekana kama zilivyo. Kati ya mambo yote ya kununua, hizi taa ndo nisingekubali uzikose. Banda lenye mwanga mzuri katikati ya mabanda yaliyofifia watu wanalifuata wenyewe hata hawajui kwa nini. Halafu usitundike juu sana, katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka chini, ndo macho ya watu yalipo.

Picha gani sasa? Kila mpiga picha mle ndani atakuwa na bibi harusi amesimama jua linazama nyuma yake. Nzuri, ila ziko ishirini. Wewe kwenye hizo harusi zako tafuta ile ambayo kuna kitu kinatokea, baba anajikausha kulia anashindwa, mdogo wa bibi harusi ameinama anamfunga kiatu, bwana harusi amesahau maneno. Mtu anayeoa anajiona pale. Ile ya mapozi anaona mtu mwingine mzuri kuliko yeye. Pia weka angalau moja ya mahali penye mwanga mbaya, usiku au ndani, kwa sababu waliozoea kununua huduma (mama za maharusi hasa) wanajua kwamba juani kila mtu anapiga.

Na hapo kuna la uaminifu. Zile mbili ulizokuwa msaidizi, picha ulibonyeza wewe lakini kazi haikuwa yako, mpigie mwenye kazi umuombe ruhusa kabla hujachapa, wengine wana mkataba unaokataza kabisa, na mkongwe akikuta picha za harusi yake kwenye ukuta wako bila habari umeshaharibu jina lako kabla halijaota. Maharusi nao waombe ruhusa, kwa maandishi, hata meseji. Ukiona picha hazitoshi tafuta watu wawili wanaopendana kweli, mpambaji mmoja na mtu wa vipodozi ambao nao wanatafuta picha, mpange siku moja mpige, nyie wote mnafaidika. Ila mtu akikuuliza "hii ilikuwa harusi gani?" mwambie tulipanga ya kujaribu. Ukidanganya utakamatwa na swali la pili tu, "ilifanyikia wapi?"

Kingine ni albamu. Watu wengi wanapeleka albamu ya mchanganyiko, picha nzuri moja moja za harusi kumi. Wewe huna harusi kumi, na bahati nzuri mteja mwenye akili wala hataki hiyo. Anataka kuona harusi moja yote, kuanzia anajiandaa mpaka watu wanaondoka, aone kama na katikati pale penye uchovu picha bado zipo. Kwa hiyo ile harusi yako moja uliyopiga mwenyewe itengenezee albamu kamili, ya kufunguka ikalala, karatasi nzito, na kama mfuko unaruhusu tengeneza nakala mbili kwa sababu ikishikwa na mama mmoja hairudi mezani nusu saa, huku wengine wanapita. Mtu akiuliza umepiga harusi ngapi mwambie ukweli, halafu mfungulie albamu. "Nimeanza mwaka huu, niliyosimamia mwenyewe ni hii, angalia mwanzo mpaka mwisho." Nimeona watu wakitulia kabisa kwa jibu hilo. Wanachoogopa zaidi ni kwamba utapoteza picha zao, kwa hiyo waambie bila kuulizwa: kamera inaandika kwenye memori kadi mbili kwa pamoja, kamera ya pili ipo kwenye begi, usiku huohuo nakala zinahifadhiwa sehemu mbili tofauti. Kama kamera yako ina kadi moja usiseme mbili, azima au kodi nyingine ya siku za harusi, ndo useme.

TV: mi ningekwambia acha. Sababu yake ni kwamba mtu akisimama kuangalia TV anaangalia TV, akimaliza anaondoka, na wewe ulitaka akuangalie wewe. Lakini kama umeshaikodi, ikae ukuta wa pembeni, bila sauti kabisa, picha moja ikae sekunde tano bila vile vimbwanga vya picha kuzunguka na kupasuka, na ziwe picha za ile harusi moja kwa mpangilio.

Meza isukume ukutani. Meza mbele ya banda ni ukuta mwingine, umejizibia mwenyewe. Kiti weka kimoja kwa ajili ya mama mtu mzima aliyechoka, akikaa yeye na binti yake atasubiri, na hapo ndo mnaongea. Wewe usikae. Simu iwe mfukoni, hakuna kitu kinafukuza watu kama mwenye banda ameinamia simu, mtu anaona anakusumbua anapita. Na usiwe peke yako, tafuta mtu wa pili, dada yako au rafiki mchangamfu, yeye apokee watu na kuandika, wewe uongee picha. Siku ni ndefu, mkojo upo, na ukitoka dakika kumi ndo yule wa kwako atapita.

Namna ya kuanza maongezi. "Karibuni tunapiga picha za harusi" haina maana, wameona. Wewe uliza "mnaoana lini?" Swali fupi, kila mtu pale ana hamu ya kulijibu, na ndo tarehe yenyewe unayoitafuta. Akitaja, fungua kalenda mbele yake, ya karatasi, kubwa, uangalie kweli, "hiyo siku niko wazi". Basi hapo tayari maongezi yana kitu cha kushika, sio tena mtu na muuzaji. Halafu uliza inafanyikia wapi, ndani au nje, saa ngapi, nini wanaogopa kuhusu picha. Hili la mwisho usiliache. Utasikia "mchumba wangu hapendi kupigwa picha", "dada yangu alisubiri picha miezi nane", kila mtu ana lake, na hilo lake ndo utakaloongelea wiki ijayo. Mkifika dakika saba nane muachie aende, usimng'ang'anie, bado ana mabanda mengi ya kuona na wewe una watu wengine.

Bei ataiuliza, tena mapema. Usizungukezunguke. Sema "zinaanzia hapa, wengi wanaishia hapa, inategemea masaa na kama unataka albamu", namba mbili, umemaliza. Akikunja uso na kuondoka amekuokolea kikao. Sasa kwa nini usiwe wa chini kuliko wote, kwanza kwa sababu yupo atakayeshuka chini yako, daima yupo, na mnaanza kushindana kushuka. Pili harusi hairudiwi, mtu akiona bei ya chini sana hafurahi, anajiuliza kuna nini. Tatu ni wewe mwenyewe hujahesabu kazi. Siku ya harusi ni masaa kumi ya kusimama, unarudi na picha elfu mbili tatu, kuchambua siku nzima, kusafisha siku kadhaa, albamu, kwenda na kurudi, mi harusi moja inanila wiki nzima ukijumlisha vyote. Kaa chini hesabu masaa yako kabla hujataja namba mbele ya watu, maana namba ukishaitaja pale ndo jina lako.

Kama unataka kuwa na ofa ya siku ile, ongeza kitu, usipunguze bei. Na kwa mtu mpya kama wewe nyongeza bora ni kuwapiga picha za uchumba kabla ya harusi, saa moja tu. Inakugharimu muda, hela kidogo. Wao wanapata picha za kadi za mwaliko, wanakuzoea, yule asiyependa kupigwa picha anazoea kamera, na wewe unapata kazi nyingine ya kuonyesha. Ofa iwe na mwisho wa kweli, tuseme kwa watakaosaini ndani ya siku kumi na nne, na siku ya kumi na tano mtu akija usimpe. Ukimpa mmoja habari zinasambaa. Malipo ya kianzio usiyalazimishe pale bandani, ila mikataba michache uwe nayo kwenye begi, mara moja moja anatokea mtu ameshaamua na ukimwambia subiri unamkwaza.

Bahati nasibu ya kushinda upigaji picha wa bure mi siipendi, utajaza sanduku la majina ya watu wanaopenda vya bure, wengine hawana hata mchumba. Kama mwandaaji anawalazimisha kutoa zawadi toeni, ila hesabu majina yale kama uchafu mpaka uthibitishe.

Badala ya vipeperushi elfu, chapa kadi mia na hamsini au mia mbili, ukubwa wa postikadi, karatasi ngumu, mbele picha moja (ileile ya ukuta mkubwa, ndo akili yao iunganishe), nyuma jina lako, namba, na mstari mtupu ulioandikwa "tarehe yako". Huo mstari unaujaza kwa mkono mbele yake. Kadi yenye tarehe ya harusi ya mtu haitupwi kirahisi, imekuwa ya kwake. Ukitaka kuweka QR (ule mraba wa kuskani kwa simu) ya kupeleka watu kwenye picha zako weka, ila ipime, upana wake uwe angalau moja ya kumi ya umbali anaosimama mtu, yaani anayesimama mita mbili anahitaji mraba wa sentimita 20. Nimeona watu wameweka ka-QR ka sentimita 3 ukutani, mtu mpaka apande kwenye meza. Na huo ukurasa unaofunguka uwe mwepesi, kumbi hizi mtandao huwa unazidiwa watu wakijaa.

Kwa upande wako, andika kila mtu kwenye kikaratasi chake na sio daftari moja. Majina yao wote wawili, simu, tarehe, ukumbi, kama amekubali utafutwe na kwa njia gani. Akigeuka tu kuondoka andika kwa haraka mlichoongea, "dada alisubiri miezi 8", "mama ndo mwamuzi", "amevaa njano", halafu weka alama, moja kwa mwenye tarehe wazi na ametulia kwenye albamu, mbili kwa wa katikati, tatu kwa mpita njia. Usiseme utakumbuka. Ikifika saa kumi jioni watu wote wanafanana.

Sasa hao wakongwe unaowaogopa. Siku ya kupanga mabanda fika mapema, panga lako umalize, halafu zunguka ukawasalimie, heshima zote, sema wewe ni mgeni kwenye harusi na kalenda yako ina nafasi. Jua kwamba mkongwe anaulizwa tarehe ileile moja na watu watatu wanne, anaweza kuchukua mmoja, waliobaki lazima awaelekeze kwa mtu, na anapenda awaelekeze kwa mtu mwenye adabu ambaye hatamuaibisha. Mi harusi zangu mbili za mwanzo zilitoka hivyo, kwa mzee mmoja ambaye banda lake lilikuwa linatazamana na langu na ambaye siku nzima nilimuona kama adui. Nawe ukija kuulizwa tarehe ambayo imeshachukuliwa fanya hivyohivyo.

Halafu chukua kamera yako upige mabanda ya wengine kabla milango haijafunguliwa. Mpambaji ametumia usiku kupanga maua, mtu wa keki, mwenye ukumbi, mshereheshaji, mtu wa magauni, wote hao hawana muda wa kujipiga picha nzuri. Omba ruhusa, piga tatu nne kila mmoja, usiku huohuo watumie bila kuwadai chochote, waambie tu wakiposti wataje jina lako. Maharusi wanakutana na wewe mara moja katika maisha, ila mpambaji anakutana na maharusi kila wiki, na swali la kwanza wanalomuuliza ni "unamjua mpiga picha mzuri?" Mimi leo ukiniambia nichague kati ya majina mia ya wachumba na wapambaji watatu wanaonikubali, nachukua wapambaji na kubaki na nauli. Hili banda lako lingekosa hata mteja mmoja lakini ukatoka na hao, hukupoteza.

Jioni umechoka, miguu inawaka, na hapo ndo wenzako wote wanalala. Wewe toa vile vikaratasi vya alama moja, tuma meseji kwa kila mtu, ya mkono, sio ya kunakili: "Nimefurahi kuongea na nyinyi leo, tarehe yenu niko wazi mpaka sasa hivi. Uliniambia dada yako alisubiri picha miezi nane, mimi naandika siku ya kukabidhi kwenye mkataba, tukikutana nitakuonyesha." Iishe hapo. Kesho au keshokutwa piga simu, na lengo la simu ni kimoja tu, kupanga siku ya kukaa pamoja, usianze kuuza kwenye simu. Wa alama mbili watumie ndani ya siku tatu. Asiyejibu mkumbushe baada ya wiki, na mara ya mwisho siku mbili kabla ofa haijaisha, halafu nyamaza, usiwe mdai. Kwa hiyo, ile wiki baada ya maonyesho usichukue kazi nyingine, ifunge kabisa kwenye kalenda sasa hivi kabla hujasahau, hapo ndo nilipoanguka mimi.

Hesabu utajuaje kama ililipa. Jumlisha vyote, banda, kuchapa, taa, usafiri, mtu wa pili, siku zako mwenyewe. Tuseme imefika 240. Kila harusi ukitoa msaidizi, albamu na usafiri inakubakizia 80, basi unahitaji harusi tatu kurudi sifuri. Ukipata mbili usiseme umefeli siku ileile, subiri, watu wengine wanaweka ile kadi kwenye friji wanapiga baada ya miezi mitano, kwa hiyo kila mteja mpya mwaka huu mzima muulize amekujuaje na uandike. Mwisho wa mwaka ndo utaamua kama unalipia tena.

La mavazi. Vaa kama utakavyovaa kwenye harusi yao siku ya kazi, nadhifu, rangi iliyopoa, maana ndo wanachokiangalia, wanajiuliza huyu akisimama mbele ya wazazi wetu atakaaje. Fulana yenye nembo kubwa ya kamera mgongoni acha nyumbani. Kamera yenyewe hata usiivae shingoni, hutaitumia muda huo na inakugongagonga. Viatu viwe ulivyovizoea, na ekstensheni ya umeme beba mbili, moja lazima kuna jirani ataiazima.